Bia ya asali isiyo na asali mdomoni: nilikunywa nini?

#1 MwanaKamalondo
Jambo yenu. Shemeji alirudi likizo kutoka Uingereza akaniletea chupa tatu za bia ya kiwanda kimoja kidogo cha huko. Lebo inasema ni eli nyepesi, aina ya bia ya Kiingereza, kilevi asilimia 4, imetengenezwa kwa asali. Jina la kiwanda nalifunga, nisije nikakionea bure. Kwenye lebo wamechora nyuki mkubwa kama mbayuwayu.

Ya kwanza niliifungua Jumapili, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Rangi ni ya maganda makavu ya mahindi, na inapitisha mwanga mpaka unaona vidole vyako upande wa pili. Povu lilipanda vidole viwili, jeupe, likadumu muda wa mimi kusoma lebo yote, halafu likashuka na kuacha pete ndani ya glasi. Puani: mkate, ganda la chungwa, na kitu kama nyasi zilizokatwa jana. Mdomoni inaingia nyepesi, gesi haichomi, uchungu unachungulia mwishoni tu. Kisha ulimi unakauka. Mkavu kabisa, kama umekunywa chai isiyo na sukari.

Asali? Niliitafuta mpaka chupa ikaisha.

Na nyuki wa kweli akaja, akatua kwenye ukingo wa glasi, akatembea nusu duara, akaondoka zake. Hakurudi.

Naomba wajuzi: asali ilikwenda wapi? Ao iko kwenye lebo tu?

#2 KijanaRuashi
Yaya, ile haiko bia ya asali. Iko maji walisukutulia mzinga.

#3 FundiKimea
Nilifanya kazi ya maabara kwenye kiwanda cha vinywaji miaka mingi, sasa niko nyumbani na kuku wangu. Jibu ni fupi: hamira imeila.

Sukari ya kimea cha shayiri haiishi yote. Hamira inakula kama robo tatu hivi, na inayobaki ni ile ya minyororo mirefu ambayo imeishinda. Hiyo ndiyo inaipa bia unene na kautamu kinywani. Asali karibu yote ni glukosi na fruktosi, na hapo hamira haichagui, inafagia sahani. Kwa hiyo ukipunguza kimea ukaweka asali, bia inazidi kuwa nyepesi na kavu. Mnywaji anatarajia kinyume chake, ndipo anaposema ameibiwa.

Hesabu yenyewe: gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kilevi. Tia kilo 1 ya asali kwenye lita 20, hizo ni gramu 50 kwa lita, karibu asilimia 3. Asali uliinywa, ndugu yangu. Ilikuwa imeshageuka kilevi.

#4 DadaWaKipushi
Mzee Fundi, kwa heshima yako, hesabu hiyo imejaza kibaba kupita kiasi. Asali ina maji, kama asilimia 18. Kilo 1 inakupa gramu 800 na kidogo za sukari, yaani gramu 40 kwa lita. Asilimia 2 na kitu, siyo 3.

#5 FundiKimea
Kweli, nimekosea. Aksanti. Macho ya dada ni makali kuliko miwani yangu.

#6 MamaMunkoyo
Hamira imekula utamu, sawa, hata munkoyo wangu wa uji wa mahindi ukilala siku tatu utamu unakwisha. Lakini bibi yangu kule Kasenga alikuwa anapika mbote, pombe ya maji na buki, yaani asali, basi. Ukiwa bado mlangoni mwa ua unasikia harufu ya nta na maua. Ulikuwa mkali, haukuwa mtamu hata kidogo, na hakuna mtu aliyeuliza kama buki imo. Utamu na asali ni vitu viwili. Kama hamira ni mwizi, aliiba utamu. Harufu ameiba nani?

#7 KijanaRuashi
Mama ameuliza swali la polisi.

#8 DadaWaKipushi
Mama, mwizi wa pili ni moto. Ile harufu ya maua ni kitu kinachoruka upesi. Ukitia asali mwanzoni, ikachemka saa nzima pamoja na maji ya kimea, harufu inapaa na mvuke, majirani ndio wanafaidi. Ndiyo maana wengine huitia dakika za mwisho, ao baada ya kuzima moto, ao hata bia ikiwa imeshaanza kuchachuka. Ile bia ya asali ya Ikulu ya Marekani wakati wa Obama, ambayo walitangaza namna ya kuipika mwaka 2012, asali yake ilitoka kwenye mzinga uliokuwa bustanini kwao na iliingia sufuriani mwishoni mwa kuchemsha.

Miye niliwahi kunywa Honey Dew, bia ya asali ya kiwanda cha Fuller's, nilipokuwa London kwa masomo, asilimia 5, rangi ya dhahabu. Pale asali niliisikia, ila puani. Ulimi haukupata kitu cha maana.

#9 MpitaNjia
Nyongeza ndogo tu: Fuller's waliuza upande wao wa bia kwa Asahi wa Japani mwaka 2019. Endeleeni.

#10 KijanaRuashi
Huyu alipita kweli.

#11 MnyamweziWaTabora
Wadau wa Lubumbashi, habari za huko. Mimi ni jirani yenu ng'ambo ya ziwa. Sisi tuna wanzuki, ni pombe ya asali, na nimeionja tangu nikiwa kijana kuliko inavyopaswa. Nakubaliana na Mama. Asali ya miombo haijifichi, hata ikichachuka.

Sasa mimi swali langu ni baya zaidi: mna hakika hiyo iliyotiwa ni asali? Huku kwetu watu wanachemsha sukari, wanatia kipande cha sega juu ili mteja aone nta, chupa inauzwa. Kama mtu wa kijijini anaweza hilo, kiwanda kinashindwaje? Sisemi kiwanda hicho. Nasema dunia.

#12 MwanaKamalondo
Lebo inasema tu "asali". Haisemi ya wapi wala kiasi gani.

#13 KijanaRuashi
Asali ya kweli iko rahisi kujua. Unatia tone kwenye glasi ya maji, kama inazama bila kuyeyuka iko ya kweli. Barabara ya Likasi tunafanya vile siku zote kabla ya kulipa.

#14 FundiKimea
Na siku zote mnadanganywa. Sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo inazama vizuri kabisa. Tone hilo linakuambia kitu ni kizito, basi. Hata mzani hausaidii sana: lita moja ya asali nzuri ina uzito wa kilo 1.4 hivi, ikipungua sana ujue wametia maji, lakini mtu wa sukari anaweza kuufikia uzito huohuo. Kwa kulitambua hilo unahitaji maabara, ao umjue mrina asali mwenyewe na mti alioupanda.

#15 MamaMunkoyo
Miye nanunua kwa mzee mmoja, mizinga yake ni ya magome ya mti. Naangalia mikono yake. Kama haina makovu ya moshi na miiba, sinunui.

#16 DadaWaKipushi
Na kwa kuwa tumefika kwenye kununua asali: kazi yangu ni uuguzi, nitasema mara moja tu. Mtoto hajatimiza mwaka 1, msimpe asali, hata ya huyo mzee mwenye makovu. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Rudini kwenye bia.

#17 MwalimuWaLikasi
Mmenikumbusha balaa langu. Mwaka juzi nilisoma namna ya kupika bia hii nyumbani. Kimea nilitengeneza mwenyewe kwa mtama, hopu, yale maua ya kutia uchungu, nililetewa na rafiki, asali kilo 2 kwa lita 20. Asali niliitia ikiwa vuguvugu, kama dada alivyosema hapo juu (#8), ili harufu isipotee. Siku ya tano mapovu yalitulia, nikasema imekwisha, nikajaza chupa, na kila chupa nikaiongezea kijiko cha asali ili ipate gesi. Nikazipanga chini ya kitanda cha wageni, maana pale kuna ubaridi.

Usiku wa tatu, saa nane, chupa ya kwanza ikapasuka. Halafu ya pili na ya tatu, zikifuatana. Mke wangu akavuta watoto wote chini, akazima taa. Jirani naye akazima. Mtaa mzima ukawa gizani ukisikiliza, na miye nimelala kifudifudi nikiwa mtu pekee anayejua ni bia, na ninaona haya kusema.

Asubuhi ilibaki chupa moja nzima. Niliifungua uani kwa kuifunika na gunia. Nusu iliruka. Iliyobaki ilikuwa kavu kama alivyoeleza mwenye uzi, lakini harufu ya asali ilikuwemo, tena ya kutosha. Kwa hiyo siamini kwamba hamira peke yake ndiyo jibu.

#18 KijanaRuashi
Mwalimu, miye ningelikuwa jirani ningelikulipisha faranga za kulala chini.

#19 FundiKimea
Mwalimu, mapovu kutulia siyo dalili. Bei ya kipimo cha uzito wa kimiminika haifiki bei ya kitanda. Unapima leo, unapima kesho kutwa, namba ikikaa palepale ndipo unajaza. Asali haina chakula cha kutosha kwa hamira zaidi ya sukari, ndiyo maana ikizidi hamira inachoka, inapumzika, halafu inaamka ndani ya chupa. Kilo 2 kwa lita 20 siyo mchezo.

Na kwa Mama: munkoyo wako ni elimu kubwa kuliko unavyofikiri. Ile mizizi ina vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa uji wa mahindi kuwa sukari. Ndiyo kazi ileile kimea hufanya kwenye bia. Wazungu waliotesha shayiri, sisi tulichimba mzizi.

#20 MamaMunkoyo
Miye najua kwamba uji mzito ukitia munkoyo unakuwa mwepesi unaangalia hivi. Jina la mdudu aliyefanya kazi sijui, lakini namlisha kila siku.

#21 ProfMashaka
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza jambo la kwanza kabisa: bia ilikuwa baridi kiasi gani? Mtu wa Lubumbashi akipewa bia anaitia kwenye frigo mpaka chupa itoke jasho. Bia zetu za laga zinastahimili hivyo, zimetengenezwa zinywewe hivyo. Eli ya Kiingereza ikiwa baridi sana inafunga mdomo na pua yako inafungwa pamoja nayo. Naweka dau kwamba asali ilikuwemo na imelala usingizi.

Pili, chupa ni ya rangi gani? Ilikaa wapi?

#22 MwanaKamalondo
Prof, umenikamata. Ilikuwa imelala kwenye friza, juu ya samaki. Chupa ni nyeupe, na kabla ya hapo zilisimama dirishani siku nne, kwa sababu zilipendeza.

#23 FundiKimea
Dirishani! Siku nne! Jua letu hili! Hopu ikipigwa na mwanga ndani ya chupa nyeupe inatoa harufu mbaya, ya kicheche. Chupa ya kahawia ndiyo inakinga. Kumbe zile "nyasi zilizokatwa jana" zako ndizo hizo.

#24 MwanaKamalondo
Mzee, kicheche namjua, aliwahi kuingia kwenye banda la kuku wangu. Ile harufu haikuwa kicheche. Zilikuwa nyasi.

#25 KijanaRuashi
Ao samaki.

#26 MnyamweziWaTabora
Mimi bado niko kwa yule nyuki. Hamjamtendea haki. Nyuki huja kwa harufu. Kama alitua kwenye glasi, basi harufu ya asali ilikuwepo, pua yake ni bora kuliko ya kwetu sote. Aliposhusha ulimi akakuta sukari hakuna, akaenda zake. Nyuki mmoja amethibitisha kauli ya Mama na ya Mzee Fundi kwa wakati mmoja.

#27 ProfMashaka
Nyuki huja hata kwenye soda ya chungwa. Hajathibitisha kitu.

#28 DadaWaKipushi
Na wengi wanamwita nyuki kumbe ni nyigu. Alikuwa na kiuno chembamba?

#29 MwanaKamalondo
Dada, baba yangu alikuwa na mizinga saba. Nyuki namjua hata kwa kumsikia.

#30 MwanaKamalondo
Ripoti ya chupa ya pili. Jana jioni niliitoa kwenye frigo, nikaiacha mezani nusu saa, umeme ukakatika, ikawa saa nzima. Glasi nimeiosha kwa maji tupu, maana zamani niliambiwa sabuni inaua povu.

Ni bia nyingine kabisa. Povu ni lilelile ila limelegea. Ganda la chungwa limerudi nyuma. Katikati, kabla hujameza, kuna kitu kinapita: nta, sega lililotafunwa likabaki ukoko mdomoni. Kinakaa muda wa kuhesabu mbili, tatu, halafu ukavu unakuja uleule. Nyasi hazipo. Naipa 7 kwa 10, ya kwanza ningeipa 4.

Prof, dau lako umeshinda.

#31 ProfMashaka
Sitalipokea. Mara ya kwanza ulitafuta utamu hukupata. Katikati hapa Mama amekuambia "nta", Mwalimu amekuambia "harufu", sasa umekunywa gizani ukapata nta. Akili yako imeonja uzi huu. Lete mtu akumiminie bila wewe kujua.

#32 KijanaRuashi
Prof akishinda anakataa. Huyu anafaa uchaguzi.

#33 MwanaKamalondo
Nimejaribu, kwa laga ya hapa, nisimalize chupa ya tatu. Niliwaza hivi: nitie kijiko kimoja cha asali kwenye glasi moja, nyingine niache, mke wangu azichanganye. Kijiko kilipogusa tu bia, povu lilifoka kama maziwa jikoni. Meza, kitambaa, daftari la mtoto la hesabu. Mke wangu amesema utafiti umefungwa.

#34 FundiKimea
Ulifungua gesi yote kwa kijiko. Na hata ungefaulu, usingejua kitu: asali mbichi ndani ya laga iliyokwisha kuiva siyo asali iliyochachuka pamoja na bia. Jaribio la haki ni bia ileile ipikwe mara mbili, moja na asali, moja bila.

#35 MwalimuWaLikasi
Miye sipiki tena.

#36 MpitaNjia
Nyongeza: Waethiopia wana teji, ni asali na maji na majani ya gesho ya kutia uchungu. Wakikuyu wa Kenya wana muratina, wanachachusha kwa tunda kavu la mvungunya. Na sheria ya Bavaria, Ujerumani, ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopu na maji tu, kwa hiyo asali ndani ya bia huko ingekuwa kesi.

#37 DadaWaKipushi
Kumbe MpitaNjia bado yuko. Hiyo sheria haikutaja hamira pia, na bila hamira hakuna bia. Tusiifanye msahafu.

#38 MamaMunkoyo
Chupa ya tatu iko wapi?

#39 MwanaKamalondo
Nilitaka kuinyamazia hii, ila Mama ameuliza.

Mama yangu mzazi alifika jana kutoka Kasenga, ana miaka 74. Nikamwaza MamaMunkoyo na mbote ya bibi yake. Nikatoa chupa ya tatu, haikuwa baridi, nikafunika lebo yote kwa gazeti, nikammiminia kwenye kikombe chake cha chai. Sikusema neno. Akanusa, akanywa kidogo, akazungusha mdomoni kama anasukutua. Akaniangalia. "Hii ni ya nani? Buki yake ni ya maua ya nchi nyingine." Akamaliza kikombe, akaomba kingine, chupa ikaisha.

#40 MamaMunkoyo
Aksanti Mungu. Si nilisema?

#41 FundiKimea
Mama mzazi apewe kazi kwenye maabara yangu ya zamani. Ila angalieni: hakusema ni tamu.

#42 MnyamweziWaTabora
Na amesema maua ya nchi nyingine. Huyo amezoea maua ya miti ya musamba na mutondo, asali nyingine ataijua mara moja. Kwa hiyo asali ni ya kweli, nafuta shaka yangu ya #11. Nusu.

#43 ProfMashaka
Lebo uliifunika yote?

#44 MwanaKamalondo
Yote. Mbele na nyuma.

#45 ProfMashaka
Na kifuniko?

#46 MwanaKamalondo
Kilikuwa mezani, kando ya kikombe.

#47 KijanaRuashi
Yaya. Juu ya kifuniko wamechora nini?

#48 MwanaKamalondo
Nyuki.